Mgomba Uchi wa Ndekusura

Heri mgomba uchi kuliko mgomba chali.

Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi kwa jirani yetu, alipong'oa mlango wa sebule yake akaupeleka kwenye zizi la ng'ombe lililokuwa halina mlango, fisi wasiingie. Watu walimcheka kwamba sasa wapita njia watamhesabia matonge. Aliwajibu kwa methali hiyo, akaendelea kupigilia misumari. Mmeniuliza imetoka wapi. Haikutungwa na mtu aliyeketi akitafuta maneno mazuri. Ilianza hivi.

Mwezi wa saba, mwaka wa pili baada ya nzige, kulipopambazuka, kuku wa Kisoroni walikataa kushuka kutoka darini.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila aliyekuwapo alilikubali. Watu walirusha mahindi sakafuni, kuku wakatazama tu. Ndipo wenye nyumba walipofungua milango wakaona sababu. Kisoroni kilikuwa kijiji cha mwisho upande wetu wa Mlima. Juu yake palikuwa na msitu, na juu ya msitu theluji. Watu waliijua theluji kwa macho tu: ilikaa kule juu, nao walikaa huku chini, na hakuna mzee aliyekumbuka kwamba iliwahi kuteremka. Asubuhi hiyo ilikuwa imeteremka. Ilifika kwenye vifundo vya miguu na ilikuwa bado inaanguka, taratibu, bila upepo na bila sauti.

Habari hizi nilizipata kwa watu wawili. Mmoja ni Mkunde, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kuposwa. Wa pili ni Lekule, baba yake mdogo. Wawili hao hawakupatana katika jambo lingine lolote mpaka walipozikwa. Katika hili walisema mamoja, na pale walipotofautiana nimeacha.

Ili mwelewe kilichotokea, lazima mjue sheria moja ya Kisoroni. Kila nyumba ilikuwa na kihamba chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka. Mwenye kihamba akifa bila mtoto wa kiume, ukoo ulikuja na mapanga ukakata majani yote ya migomba yake. Waliita jambo hilo kukivua kihamba. Majani yalitandikwa kaburini, na migomba ilibaki uchi ili kila apitaye ajue kwamba pale hapana mwenyewe, mpaka wazee wamtaje mwingine. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye akili zake hakumaliza majani ya mgomba. Alikata mawili matatu ya kumlisha ng'ombe, akaacha mengine juu. Mgomba uchi ulikuwa tangazo la kifo.

Ndekusura alikuwa mjane wa Ndemasi. Ndemasi alimwachia binti mmoja, huyo Mkunde, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikuja na mapanga kama ilivyokuwa desturi. Ndekusura alisimama kwenye njia ya kuingilia kihambani akakataa kupisha. Shauri likapelekwa kwa Mzee Kiwelu, mkuu wa ukoo, naye akatoa hukumu ambayo haikumfurahisha mtu yeyote.

"Maadamu jani liko juu," alisema, "mjane anakaa. Jani likianguka, ukoo unachukua."

Lekule, mdogo wa marehemu, ndiye ambaye angepewa. Kihamba chake kilipakana na cha kaka yake, na mfereji wa maji ulipita kwa Ndekusura kabla ya kufika kwake. Alikubali hukumu kwa sababu aliamini kwamba hatangoja sana. Mwanamke peke yake, alisema, ataweza kuzibua mfereji? Ataweza kusimika nguzo za kutegemeza mikungu? Ndekusura alizibua mfereji na alisimika nguzo. Miaka ikapita na jani likabaki juu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa theluji ilipoanguka.

Sasa, mgomba si mti. Hauna moyo mgumu ndani yake. Ni maganda yaliyokumbatiana, yamejaa maji, na juu kabisa majani mapana yaliyotandazwa. Miti ya msituni yenye majani membamba iliiacha theluji ipite. Jani la mgomba liliipokea kama kiganja, likaishika, likapokea nyingine. Kabla jua halijaonekana nyuma ya mawingu, mgomba wa kwanza ulikuwa umelala. Mkunde alisema ulianguka kwa sauti ya nguo inayochanika. Ulikuwa na mkungu uliokaribia kukomaa, ndizi zake zikapasuka kwenye theluji.

Kisoroni kizima kikatoka nje. Wengine walipiga madebe na kuukaripia Mlima, wakiuuliza umekosewa nini. Wengi walifanya walichokijua. Mgomba ukiinama, desturi ni kuupa nguzo: mti mrefu wenye panda, unasimikwa chini na kuuegemeza mgomba kiunoni. Lekule alikuwa hodari wa kazi hiyo. Yeye na wanawe walileta nguzo zote walizokuwa nazo, wakavunja na ua wa zizi kupata nyingine. Kila mgomba wao ukawa na nguzo, mingine miwili miwili.

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Nguzo hutegemeza mkungu, kwa sababu mkungu ukishakomaa hauongezeki uzito. Theluji iliongezeka. Nguzo iliukamata mgomba kiunoni, kichwa kikaendelea kulemewa, na mgomba ukakatikia palepale kwenye panda. Migomba ya Lekule haikung'oka. Ilivunjika vipande viwili.

Ndekusura na binti yake hawakuwa na nguzo za kutosha, kwa hiyo walichukua miti mirefu wakaanza kuyatikisa majani ili theluji imwagike. Ilimwagika. Lakini walipofika mwisho wa mstari, mwanzo wa mstari ulikuwa umejaa tena. Walirudi. Wakarudi tena. Mkunde alikuwa amekufa ganzi vidole na alianza kulia, si kwa uchungu, bali kwa hasira. Mama yake hakumbembeleza. Alikuwa ametazama kwingine.

Nyuma ya zizi palikuwa na migomba michache ambayo majani yake yalikuwa yamekatwa karibu yote. Ng'ombe alikuwa amezaa, nyasi zilikuwa haba, na Ndekusura alikuwa akikata pale kila jioni kwa sababu palikuwa karibu, na kwa sababu mtu aliyepita njiani asingepaona. Migomba hiyo ilikuwa imesimama wima. Theluji ilikuwa imeipita ikaanguka chini, kwa kuwa haikupata pa kukaa.

"Mkunde," alisema, "lete mapanga."

"Yapi, mama?"

"Yote mawili."

Walianza na mgomba uliokuwa mbele ya mlango, ule ambao kila apitaye huuona kwanza. Ndekusura alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akakata jani, theluji ikammwagikia kichwani na shingoni, akakata lingine. Aliacha moja tu: lile la katikati ambalo bado halijafunguka, lililosokotwa kama mkeka uliokunjwa. Halikushika theluji. Kama aliliacha kwa sababu hiyo peke yake, au kwa sababu aliikumbuka hukumu ya Mzee Kiwelu, Mkunde hakujua, nami siongezi.

Mgomba ulipovuliwa ulinyanyuka. Haukurudi sawasawa, lakini uliacha kuinama. Wakahamia wa pili.

Lekule aliona kutoka upande wake wa mpaka. Aliacha migomba yake ikivunjika akaja mbio, akiteleza, akashika mti wa ua.

"Shemeji! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Ndekusura alisema bila kugeuka. "Ndiyo maana nakata."

"Unakivua kihamba cha kaka yangu!"

"Kakayo angekuwa hai angekuwa na panga mkononi. Shika hili jani, linakuangukia."

Lekule hakulishika. Lilimwangukia begani. Alilisukuma akasema kwa sauti ya juu, ili majirani wasikie, nao walisikia: "Watu wa Kisoroni, mashahidi! Sikumgusa huyu mwanamke. Sikutuma mtu. Kihamba anakivua kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Kiwelu alisema jani likianguka, ukoo unachukua. Haya, majani haya hapa chini!"

"Yako chini, ndiyo," Ndekusura alisema. "Mkunde, usisimame. Mstari wa mfereji."

"Mama, watakinyang'anya," Mkunde alisema kwa sauti ndogo.

"Wakikuta kimelala watanyang'anya nini? Mstari wa mfereji!"

Majirani walikuwa wamekusanyika njiani. Mmoja aliziba macho yake, kama mtu anayepita karibu na mwanamke anayeoga. Mwingine alicheka. Lekule naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kushinda.

"Tazameni," alisema. "Uchi! Migomba ya kaka yangu iko uchi mchana kweupe. Huoni haya, shemeji?"

Hapo Ndekusura aligeuka. Alimtazama Lekule, kisha akatazama nyuma yake, ng'ambo ya mpaka, ambako wakati uleule mgomba mwingine wenye nguzo mbili ulikuwa unakatika.

"Heri mgomba uchi," alisema, "kuliko mgomba chali."

"Nitawaita wazee."

"Waite. Waambie waje na mapanga, kazi ni nyingi."

Lekule aliondoka. Ndekusura na binti yake walikata mpaka wakamaliza. Majani mengine walimpa ng'ombe, kwa sababu malisho yote yalikuwa yamefunikwa. Yaliyobaki waliyarundika kwenye mashina, wakayafunika machipukizi, yaani migomba michanga inayoota pembeni mwa mama yao. Hapakuwa na jirani aliyefuata mfano wao hadharani. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikata mstari mmoja, ule uliojificha nyuma ya nyumba yake, akauacha wa mbele na majani yake ili watu wasimseme. Mstari wa nyuma ulibaki. Wa mbele ulianguka wote.

Theluji ilikoma jioni. Mawingu yakaondoka, na kilichofuata kikawa kibaya zaidi. Baridi ilishuka, na theluji iliyokuwa laini ikawa barafu. Asubuhi njia zilikuwa zinateleza kama sahani. Mfereji uliganda juu, maji yakasikika yakipita chini kwa chini. Ng'ombe walilia kila zizi. Na kila jani la mgomba lililokuwa bado juu, Kisoroni kizima, lilikuwa limeungua kwa baridi. Jua lilipolipiga liligeuka jeusi, likaning'inia kama tambara lililolowa.

Wazee hawakuweza kutembea mpaka barafu ilipoyeyuka. Ilipoyeyuka walikuja, kwa sababu Lekule hakuwa ameacha kuwaita. Baraza lilifanyika ndani ya kihamba cha Ndekusura, kwa kuwa shauri la ardhi husikilizwa juu ya ardhi yenyewe. Watu walijaa. Ukweli ni kwamba wengi wao hawakuwa na kazi nyingine. Vihamba vyao vilikuwa vimelala.

Mzee Kiwelu alisimama akiegemea fimbo yake. "Nani alikivua kihamba hiki?"

"Mimi," Ndekusura alisema.

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Unaikumbuka hukumu yangu?"

"Naikumbuka, mzee. Maadamu jani liko juu, mjane anakaa. Jani likianguka, ukoo unachukua."

"Basi amekiri," Lekule alisema. "Tunangoja nini?"

"Tunangoja kutembea," Ndekusura alisema. "Mzee, naomba kabla hujasema neno, tutembee Kisoroni chote tutafute jani moja lililo juu. Tukilipata kwa Lekule, kihamba hiki akichukue leo. Tukikosa kwa Lekule, twende kwa mwingine. Tukikosa kwa wote tuje kwako."

"Huyu anakejeli baraza!" Lekule alisema.

"Sikejeli. Sheria inasema kihamba kisicho na jani hakina mwenyewe. Mimi nimeyakata kwa panga, yenu yameanguka kwa barafu. Sheria haikutaja panga. Kama mimi sina kwangu, nionyesheni mwenye kwake."

Mkunde alisema mzee mmoja wa nyuma alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena. Kila mtu alikuwa ametoka kwenye kihamba kisicho na jani. Mzee Kiwelu mwenyewe alikuwa ameamka asubuhi hiyo akaiona migomba yake, yote, imeelekea bondeni kama watu waliolala msibani.

"Mama," alisema, "unataka kunifukuza kwangu?"

"Sheria yako ndiyo inayotaka, mzee. Mimi nataka kukaa."

Mzee Kiwelu alitembea mpaka kwenye mgomba wa mbele ya mlango. Aliukamata kwa mikono miwili akautikisa. Haukutikisika. Aliupiga kwa fimbo, ukatoa sauti nzito ya shina lenye maji. Kisha akainua kichwa. Jani lile lililosokotwa lilikuwa limeungua ncha, nyeusi kama kaa. Lakini chini ya ncha hiyo, pale linapotokea ndani ya shina, palikuwa na rangi ya kijani yenye urefu wa kidole, mbichi, bila doa. Jani lilikuwa linasukuma.

"Lekule," aliita. "Njoo. Macho yangu yamezeeka. Nini hiki?"

Lekule alikuja akatazama, akatazama tena.

"Nimekuuliza."

"Ni jani, mzee."

"Liko wapi?"

"Liko juu."

Mzee Kiwelu aliwageukia watu. "Mmesikia. Si mimi niliyesema. Mjane anakaa." Akaongeza jambo ambalo halikuwa katika shauri: kwamba tangu siku hiyo, atakayekata majani kuokoa mgomba wake asiulizwe nani amekufa.

Nisiwadanganye kwamba kihamba cha Ndekusura kilistawi mwaka ule. Mgomba usio na majani hauwezi kunenepesha mkungu. Ndizi zilizotoka zilikuwa nyembamba na ngumu, nao walizila. Lakini mashina yalisimama, na chini ya marundo ya majani machipukizi yalikuwa hai. Kisoroni kizima, ukiacha mstari mmoja nyuma ya nyumba ya jirani, hapakuwa na mbegu nyingine ya kupanda.

Watu walikuja kuomba machipukizi. Ndekusura aliwagawia. Lekule alimtuma mkewe kwanza.

"Karibu, mwenzangu," Ndekusura alimwambia. "Kunywa uji. Machipukizi yapo. Aje mwenyewe."

Alikuja mwenyewe, na jembe begani. Alisimama pale pale kwenye ua alipokuwa amesimama siku ya theluji.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Nani amekufa?"

Lekule alitazama chini. "Migomba yangu," alisema.

Ndekusura alimwonyesha mstari wa mfereji, uliokuwa na machipukizi manene kuliko mingine, akamwambia achimbe kwa uangalifu asiumize mama zao. Alichimba mpaka mchana. Hawakuzungumza zaidi ya hapo, na wote wawili walioniambia habari hizi walikubaliana kwamba Ndekusura na Lekule hawakupatana hata baada ya hapo. Hapa sisimulii habari za mapatano.

Miaka mingi ilipita. Ndekusura alikuwa amefariki na kuzikwa kihambani mwake, na migomba juu ya kaburi lake haikuvuliwa. Mwezi wa saba mmoja mawingu yalishuka tena juu ya Kisoroni, meupe na mazito, bila upepo. Kuku walikataa kushuka darini. Kabla theluji haijafika kwenye vifundo vya miguu, panga lilisikika. Watu walitoka kutazama. Lekule, mzee sasa, alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya mlango wake, anakata majani, na theluji inammwagikia shingoni.

Kijana mmoja aliyehamia pale karibuni, asiyejua habari, alisimama njiani akamcheka.

"Mzee, mbona unaivua migomba? Umefiwa?"

Lekule hakuacha kukata.

"Heri mgomba uchi," alisema, "kuliko mgomba chali."